Mji Uliopikia Magunzi

Resti mwanangu,

Sikuulizi hali yako. Asubuhi nimekuona ukimaliza kiporo chote cha makande peke yako na kulamba mwiko, kwa hiyo u mzima. Mgonjwa ni mimi, ingawa hakuna kinachoniuma mwilini.

Umetoka kwenda kumuaga bibi yako na watu wa kwaya. Najua bibi hatakuachia mpaka unywe maziwa na usikilize habari za kila ng'ombe aliyezaa na aliyekataa kuzaa, kwa hiyo ninao muda, ila si mwingi. Naandikia hapa mezani, begi lako likiwa mbele yangu. Barua hii si ya kusoma kwenye basi. Nitaiweka juu ya begi uisome leo hii kabla giza halijaingia, nikiwa hapa karibu. Mtu anayekupa barua ukaisome njiani anayakimbia majibu yako, na mimi nimekimbia miaka ya kutosha.

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, wala za wanaume wa Dar es Salaam, wala za kutotembea na simu mkononi. Hayo baba yako amekuhubiria mpaka mbwa akasinzia. Nataka kukuambia habari za kazi unayokwenda kuifanya, kwa sababu mimi niliwahi kuifanya hapahapa Karatu, na niliifanya vibaya.

Jumapili tulipotoka kanisani ulinieleza kazi yenu vizuri kabisa. Mtahesabu jiji zima: umeme unaotumika, dizeli inayochomwa na magari na majenereta katika mgao huu usiokwisha, mafuta ya taa, mkaa, mpaka takataka zinazooza damponi. Kisha mtajumlisha mjue jiji linapeleka hewa ya ukaa kiasi gani huko angani. Nilikusikiliza nikijivuna, maana unaongea kama mtu aliyezaliwa na kalamu sikioni. Ukasema wewe umepangiwa mkaa. Utazunguka kwa wauzaji na majikoni kuuliza magunia mangapi yameingia na mangapi yametoka. Ndipo ukacheka, ukasema, "Mama, nikimkuta mama wa watu ana magunia manne, anatetemeka kwa sababu hana kibali, nitamwandikia mawili. Kwani nani atakufa?"

Nikainuka nikasema nakwenda kumwangalia mbuzi. Mbuzi hakuwa na shida yoyote. Nilikwenda kusimama zizini ili usiuone uso wangu. Resti, nitakuambia nani alikufa.

Ulikuwa bado shule ya msingi, mwaka uliofuata zile mvua za El Niño zilizokula barabara. Mji ulikuwa unavimba. Gesti zinajengwa, magari ya watalii yanapandisha kwenda kreta na kushuka, kila ukigeuka kuna baa mpya. Akaja mtaalamu mmoja, kijana mpole wa miwani, anataka kujua mji wa Karatu unakula nishati kiasi gani. Akatukusanya kina mama kadhaa tuliomaliza kidato cha nne, akatufundisha chini ya bati la ofisi ya kata. Akasema, "Mji ni kama mtu. Tunataka kujua anakula nini na anatoa nini." Sisi tukaangua kicheko, naye akajishtukia, akaanza kufuta miwani. Lakini nilimwelewa. Alisema kila kinachochomwa kinakwenda mahali, hakipotei, na asiyejua anachoma nini hawezi kujua atakosa nini.

Wenzangu walipewa vituo vya mafuta, mashine za kusaga, shule na gesti. Mimi nilipewa majiko ya nyumba za juu, upande wetu huu unaopakana na msitu. Unafika asubuhi na mizani ya kuning'inia, watu wawili wanashika mti begani, ndoano inabeba mzigo wa kuni, unasoma. Unamwomba mwenye nyumba apikie zile tu. Kesho yake unarudi unapima zilizobaki na kuuliza waliokula. Kilichopungua ndicho kilichochomwa. Kazi hiyo niliipenda kupita kiasi. Mpaka siku ile nilikuwa Mama Resti tu, mke wa fulani, mwenye shamba la mbaazi. Kwa mara ya kwanza watu walikuwa wananisubiri.

Sasa sikia jambo ambalo hukuwa na umri wa kulijua. Wakati ule wasimamizi wa msitu walituruhusu kuingia kuokota kuni kavu, siku maalumu za wiki, mzigo wa kichwa, bila panga. Ilikuwa ruhusa ya maana. Lakini kuni kavu za siku hizo hazikutosha kupikia familia yoyote, na kila mtu alijua. Panga liliingia likiwa limefungwa ndani ya kanga. Mti mbichi ulishuka umefunikwa na matawi makavu juu. Hata mimi. Hata mke wa mwenyekiti. Kwa hiyo waliposikia naja na mizani kupima kuni, walinusa mtego.

Wa kwanza kunikabili alikuwa mama yako mdogo Fabiola. Ndugu yangu wa tumbo moja, ulikuwa ukimwita mama kabla hujaniita mimi, kwa sababu ndiye aliyekubeba mgongoni nilipolazwa baada ya kukuzaa. Alikuja jikoni, akakaa kwenye kigoda changu bila kukaribishwa.

"Dada, unakuja kutupima kwa niaba ya nani?"

"Ya mtaalamu."

"Na mtaalamu anampelekea nani?"

Kwa kweli sikuwa nimeuliza.

"Basi hutapima kitu," akasema, akachota uji wangu akanywa.

Kesho yake nikaingia nyumba ya kwanza. Fabiola mwenyewe alikuja kunishikia upande wa pili wa mti, amejifunga kitambaa kichwani kama mtu anayekwenda harusini. Nikaonyeshwa "kuni za nyumba": furushi la magunzi ya mahindi na mabua ya mbaazi, limefungwa kwa utepe wa kitenge cha kijani chenye ndege wa njano. Nikapima. Nikaingia nyumba ya pili, furushi la magunzi na mabua, utepe wa kijani, ndege wa njano. Nyumba ya tatu mwenye nyumba alikuwa bado anahema, ametoka jasho mpaka kwenye kidevu, na furushi lilikuwa limelala pale jikoni kama lilizaliwa hapo. Kitenge kile nilikijua. Nilimnunulia Fabiola mimi.

Na nyuma ya yule mama, sufuria ya makande inatokota. Makande, Resti! Yanayokaa motoni tangu asubuhi mpaka watu wanakata tamaa, eti yanaivishwa na magunzi yanayowaka na kuzimika kabla hujafuta pua. Nilimtazama Fabiola. Alikuwa anahesabu boriti za paa. Nikabana kicheko, nikaandika: magunzi.

Niliandika hivyo nyumba baada ya nyumba. Furushi lilizunguka kitongoji kizima, likitutangulia kupitia nyuma ya mabanda, na mimi nikilipima kila lilipofika kama silijui; kesho yake nilionyeshwa majivu, nikaandika kwamba yote yamechomwa. Usidhani nilikuwa mjinga. Niliwahurumia. Walikuwa majirani zangu, tulizaa pamoja, tulizika pamoja, na niliona macho yao. Nikajiambia, kalamu ni yangu, nitawaficha nyuma yake. Jioni nilirudi nyumbani nimenyooka mgongo kama mtu aliyeokoa kijiji. Fabiola aliniletea kuku.

Mtaalamu aliuliza, nisimsingizie. "Mama Resti, una hakika? Mpo hapo mlangoni pa msitu, na hakuna anayepikia kuni za msitu?" Nikamwambia, "Hakuna." Akaniamini. Alinishika mkono kwa mikono miwili akanishukuru kwa kazi safi, akaondoka na mji wangu uliopikia magunzi.

Kiangazi kilichofuata tukaitwa mkutanoni. Mwenyekiti alisimama na barua, akaisoma polepole. Ilisema upimaji umeonyesha kwamba wananchi wanaopakana na msitu wanapikia mabaki ya shambani na hawategemei kuni za msitu, jambo la kupongezwa. Ilisema kwamba siku za kuokota kuni zilikuwepo kwa ajili ya watu wasio na njia nyingine, na kwa kuwa imeonekana njia nyingine ipo, ruhusa inafungwa ili msitu upumzike. Majiko banifu na miche ya kupanda, vitu ambavyo hata hatukujua vilikuwa njiani, vingepelekwa kwingine kwenye uhitaji zaidi.

Mwenyekiti akaweka karatasi chini akatutazama. Mke wake naye alipimiwa furushi lile. Nani angesimama aseme, tulidanganya, tunakata miti mibichi, tunaomba mturudishie siku zetu? Mimi ningeweza. Mimi ndiye niliyekuwa na mizani, mimi ndiye mtaalamu angenisikiliza, na anwani yake nilikuwa nayo. Nilikaa kwenye benchi nikachezea pindo la kanga. Kupima vibaya kulikuwa kosa la moyo laini. Kunyamaza siku ile kulikuwa woga mtupu. Niliogopa kuonekana mwongo mbele ya watu ambao wote walijua kwamba mimi ni mwongo!

Makande hayakuacha kuhitaji kuni. Tukaanza kwenda kwa kujificha.

Hapa nisikilize vizuri. Siku za ruhusa tulikuwa tunaingia msituni kundi zima, tunaimba, tunagonga mabati na madebe, tunatukanana kwa utani mpaka bonde linaitika. Hatukufanya hivyo kwa furaha tu. Nyati akisikia watu kwa mbali anaondoka zake. Tangu bibi zetu ndivyo tulivyoingia. Ruhusa ilipofungwa, kelele zilikufa. Ukaingia peke yako, alfajiri au magharibi, miguu peku, umeziba hata kikohozi ili askari asikusikie. Na kama askari hakusikii, nyati naye hakusikii.

Wiki moja kabla nyati hajamkuta, Fabiola alikuwa jikoni kwangu akinitania. "Dada, dunia nzima hakuna mji msafi kama wetu. Hatutoi hata moshi." Tukacheka mpaka nikamwaga chai. Nilicheka, Resti. Nilijua ametoka wapi na anakwenda wapi, nikacheka naye.

Mazishi unayakumbuka. Ulishika mkono wangu ukauliza kwa nini jeneza limefungwa. Watu walisema ni bahati mbaya, wengine wakawalaani askari, wengine wakasema Fabiola alikuwa mkaidi. Kwa miaka yote hii umekua ukiamini mojawapo ya hayo, na nimekuacha uamini, na umewachukia watu wasio na kosa. Nimekusikia ukiwasema askari wa msitu mbele ya wageni, nami nikaendelea kumimina chai. Askari walifuata karatasi. Karatasi niliijaza mimi. Mama yako mdogo aliingia msituni kimya kwa sababu mimi niliandika kwamba hana haja ya kuingia.

Haya, nimesema. Nilidhani nikiliandika nitahisi nafuu. Sihisi.

Baba yako anajua ninachoandika. Amepita hapa mara mbili akijifanya anatafuta jembe. Amesema, "Mwache mtoto aondoke na moyo mweupe." Nimemjibu kwamba moyo mweupe ndio ulioniponza mimi, na kwamba jembe lipo mlangoni anapoliacha siku zote. Ameondoka amenuna. Mbembeleze ukirudi.

Mwanangu, sisemi uende Dar es Salaam ukawe na moyo wa jiwe. Na sisemi ukawachongee watu. Kwa miaka mingi niliamini nilikuwa na njia mbili tu, kuwataja majirani zangu au kuwaficha, na nilipochagua kuwaficha nikajiona mwema. Nimechelewa sana kuona kwamba ningeweza kuweka mizani chini kwanza. Ningekaa kwenye kigoda kama alivyokaa Fabiola, nimjibu lile swali lake. Kama silijui jibu, nirudi kwa mtaalamu nimuulize, hizi namba zinakwenda kwa nani na zitafanya nini? Ningemleta aketi nao. Wangemwambia wenyewe, tunakata kwa sababu hatuna kingine, tupe kingine. Pengine angewasikiliza, pengine asingewasikiliza. Lakini wangekuwa wamesema kwa vinywa vyao, na uhitaji wao ungekuwepo kwenye hesabu. Mimi niliufuta uhitaji wao. Nilidhani nafuta kosa lao.

Yule mama wako wa magunia manne, kama jina lake halihitajiki, usilichukue. Mwambie hivyo kabla hajakuuliza. Akikupa chai, kunywa. Akitetemeka, subiri amalize kutetemeka. Lakini magunia manne ni manne. Ukiandika mawili, yale mawili uliyoyaficha yatawaka vilevile, na msitu yalikotoka utakuwa umekatwa vilevile. Siku moja mtu mwenye mamlaka, tena mtu mzuri tu, atasoma jumla yenu aseme, kumbe watu wa jiji wameanza kuacha mkaa, basi tunaweza kuufunga. Atakuwa anafuata karatasi. Na yule mama ataanza kwenda kuuza kwa kujificha, na mimi na wewe tunajua kimya kinafanya nini.

Utaona ni mbali sana, kwamba Dar es Salaam haina nyati. Kila mahali pana kitu ambacho watu walikuwa wakikifukuza kwa kwenda pamoja na kwa kelele. Huko sijui kinaitwaje. Wewe utakijua.

Naogopa, Resti. Nikisema kwamba naogopa sisemi kama watu wasemavyo kwenye barua. Naogopa utakunja karatasi hii, ubebe begi ukalale kwa bibi yako, na kesho upandie basi kule bila kupita hapa. Fabiola alikuwa mama yako. Una haki. Nimekaa na jambo hili tangu ukiwa unavaa sare ya shule, na kila ulipofaulu mtihani nilisema nitamwambia akishamaliza huu, nisimvuruge. Kisha ukamaliza yote. Ningeweza kuliacha liende nami kaburini, na ningeliacha, kama usingecheka vile Jumapili. Ulicheka kama mimi. Sikio langu lilisikia sauti yangu mwenyewe ya miaka ile, na siwezi kukuacha uondoke nayo, hata kama gharama yake ni wewe kutonipenda tena.

Bado kuna jambo moja, na hili ndilo gumu kuliko yote niliyokwisha kuandika.

Jumanne ulikuja jikoni na mizani ya kuazima dukani. Ulisema ofisi yenu imewataka wafanyakazi wapya kila mmoja ajizoeze kwa kupima jiko la nyumbani kwao, na mwende na majibu siku ya kwanza. Ulinipimia kuni, ukarudi Jumatano ukapima zilizobaki, ukaandika kwa mwandiko wako ule mzuri: mikaratusi ya kupandwa. Karatasi umeshaiweka kwenye begi. Ni kuni nilizonunua Jumatatu kwa fundi wa mbao baada ya kusikia unakuja na mizani. Sikuwa na sababu. Hakuna aliyenitisha. Ulikuwa ni wewe, mtoto wangu, na baada ya yote niliyoyajua, mkono wangu ukafanya ulichozoea.

Kuni ninazopikia ni za msitu. Nanunua kwa wanawake wanaopita nyuma ya zizi kabla hakujapambazuka, wanaokwenda kimya kama alivyokwenda Fabiola. Makande uliyokula leo asubuhi yameivishwa nazo. Na kila chakula ulichokula nyumbani tangu azikwe, isipokuwa cha siku ile ya mizani.

Kabla ya kuanza kuandika nilizitoa zote chini ya turubai. Nimezipanga mbele ya mlango wa jikoni, na kila anayepita njiani anaziona. Mke wa mwenyekiti amekwisha kupita, amezitazama, hakunisalimia. Ukimaliza kusoma, njoo na mizani. Nitashika upande mmoja wa mti, baba yako ashike mwingine, na wewe usome. Uandike jina langu, mimi nakuruhusu. Usitafute kwanza moyoni kama unaweza kunisamehe. Pima kwanza, chana ile karatasi ya mikaratusi, uandike nyingine. Kisha kama bado una neno la kuniambia, niambie. Nipo jikoni, na moto sijauwasha.

Ni mimi niliyekuzaa,
Mama